UZI: Tanzania imo kwenye nane za kriketi ya wanawake Bangkok. Na watoto wetu wa nage je?

Nage ya Jang'ombe (mwanzisha uzi), Jumanne usiku

Assalaam alaykum wanabarza.

Najua uzi wa kriketi hapa petu utakaa siku mbili bila mtu, maana likitajwa jina watu wanaona Wahindi na nguo nyeupe basi. Nisomeni kwanza, matusi baadaye.

Keshokutwa Alhamisi, tarehe 20 Novemba 2025, yanaanza mashindano mapya ya wanawake ya ICC, shirikisho la kriketi duniani, huko Bangkok, Thailand, hadi tarehe 30. Ndiyo mara ya kwanza kufanyika. Wamekusanywa wanane ambao bado wanapanda ngazi: wenyeji Thailand, Uholanzi, Scotland, Papua New Guinea, Umoja wa Falme za Kiarabu, Namibia, Uganda na Tanzania. Ndiyo, sisi. Ni mtindo wa ligi, kila mmoja anakutana na kila mmoja, kwa hiyo mechi saba kwa kila timu ndani ya siku kumi na moja. Joto la Bangkok mtu haambiwi, ila kwa wetu hilo nadhani si tatizo. Waonewe huruma wa Scotland.

Mie si mtaalamu. Ni mwalimu wa skuli ya msingi. Kriketi niliiona Dar nilipokuwa chuo, nikakaa ukingoni mwa kiwanja na chipsi zangu, sielewi hata nani anashinda. Kilichonishika ni msichana mmoja, mfupi kunizidi mie, kasimama huko mbali karibu na kamba ya mpakani. Mpira ukapigwa, akaukimbilia, akauokota kwa mkono mmoja na kuurusha hapo hapo bila kusimama, ukenda moja kwa moja kwenye vile vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji. Nikasema moyoni: huyu kacheza nage huyu.

Ndo hoja yangu yote hiyo. Watoto wetu wa kike tangu wana miaka sita wako uwanjani jioni, wawili wanarusha, wa kati anakwepa. Mkono wa kurusha kwa nguvu na shabaha wanao, macho wanayo, miguu wanayo. Halafu wakifika darasa la saba wanaambiwa sasa umekua, ingia ndani au nenda kwenye netiboli. Mkono ule unapotelea wapi?

Na msiniambie haiwezekani. Hao Thailand wenyeji, walipoanza hawakuwa na watu wa kriketi. Wengi wa timu yao ya mwanzo walitolewa kwenye softiboli. Mtu alishajua kurusha, kudaka na kupiga, akafundishwa mengine. Mwaka 2020 wakacheza Kombe la Dunia Australia.

Sasa semeni.

---

Kuli wa Malindi

Mwalimu umeandika vizuri lakini nina swali moja tu. Mchezo wa saa tatu halafu mtu anasema "wamefungwa kwa wiketi nne". Wiketi nne ni nini? Nimefungwa goli mbili naelewa.

---

Hesabu za Daladala

@Kuli wa Malindi, kaa nikupe haraka, maana na mie nilikuwa kama wewe.

Kila timu inapiga mara moja, ova 20, ndo maana unaitwa T20. Ova moja ni mipira 6, kwa hiyo mipira 120 halali. Mrushaji mmoja hapewi zaidi ya ova 4. Ova sita za mwanzo walinzi, yaani wale wanaofukuzia mpira, wawili tu wanaruhusiwa kukaa nje ya duara la ndani, ndo maana watu wanapiga kwa nguvu mwanzoni. Mpira ukifika kwenye kamba kwa kuviringika ni mikimbio (ndo pointi zenyewe) 4, ukiruka bila kugusa chini ni 6. Wiketi ni mpigaji kutolewa: vijiti vyake vimeangushwa, au kadakwa, au mpira umempiga mguu uliosimama mbele ya vijiti, au kachelewa kufika wakati wa kukimbia. Wakitoka kumi, timu imekwisha hata kama ova zimebaki.

Ukisikia timu imeshinda kwa wiketi nne, maana yake ilipiga ya pili, ikafikia idadi, na ilikuwa bado na watu wanne wa kutolewa. Iliyopiga mwanzo ikishinda, inashinda kwa mikimbio. Basi. Offside ni ngumu kuliko hii.

---

Kuli wa Malindi

Nimeelewa mpaka mguu. Mengine nitauliza kadiri tunavyokwenda.

---

Fundi Mfenesi

Hicho cha kupigia kwa Kiswahili kinaitwaje? Kuna mahali nimesoma "gongo".

---

Kuli wa Malindi

Hahahaha. Mwambie mkeo unakwenda Mnazi Mmoja na gongo lako uone kama utarudi.

---

Nage ya Jang'ombe

Tusiharibiane uzi. "Bati" ni la paa, "gongo" tunajua ni nini. Mie nasema kibao. Kinafanana na kibao, kinapiga kama kibao.

---

Fundi Mfenesi

Kibao kimepita. Tuendelee.

---

Babu wa Mkunazini

Waalaykum salaam mwanangu mwalimu.

Huu mchezo si mgeni hapa kama vijana mnavyodhani. Marehemu baba alikuwa akinihadithia Mnazi Mmoja ya enzi za Waingereza: upande huu wanacheza Wazungu, siku nyengine Magoa, siku nyengine Waparsi na Wahindi wengine, kila jamii na klabu yake. Waswahili walikuwa wanaokota mipira tu, na wakirudi mtaani wanacheza wenyewe kwa makuti. Kuti likikatwa vizuri lile bapa la chini lina umbo lile lile.

Na nikuambieni jambo ambalo nina hakika hamlijui. Kiwanja cha kati, pale mpira unapodunda, zamani katika Afrika Mashariki hakikuwa nyasi. Walikuwa wanatandika mkeka. Mkeka wa nini? Wa usumba, wa makumbi ya nazi. Hayo makumbi ambayo bibi zenu wanayafukia pwani yaoze, wanayaponda na kusokota kamba. Mchezo wa Mwingereza ulikuwa unachezwa juu ya nazi yetu. Sasa wajukuu wa wale wanaosokota kamba ndo tunaambiwa mchezo huu hauwahusu.

Enzi hizo lakini sikupata kusikia mwanamke akicheza hapa petu. Hilo sitasema uongo.

---

Simba wa Kikwajuni

Babu shikamoo. Naheshimu historia. Lakini tuseme ukweli, mchezo wa kikoloni unaturejesha nyuma. Wasichana wa Zanzibar wana mpira wa miguu sasa hivi wanajitahidi, viatu hawana. Netiboli hivyo hivyo. Leo tuongeze kriketi yenye helmeti, pedi, glovu? Nani analipa? Na hiyo kriketi ya wanawake yenyewe imeanza juzi, wameongezwa tu kwa sababu dunia inataka usawa.

---

Hesabu za Daladala

@Simba, la gharama nakubali, tutalijadili. Hilo la "wameongezwa juzi" futa. Kombe la Dunia la kwanza la kriketi lilikuwa la wanawake, mwaka 1973, Uingereza. La wanaume lilikuja 1975. Wanawake waliwatangulia miaka miwili.

Na hilo la 1975, ilikuwemo timu inayoitwa Afrika Mashariki, wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia wamechanganywa. Kwa hiyo tumo tangu la kwanza.

---

Simba wa Kikwajuni

Hilo la 73 sikulijua. Haya, nimefuta. Gharama bado.

---

Mama Wanne

Mwalimu, mie nina wasichana watatu na mvulana mmoja, wa pili ndo huyo huyo unayemsema, nage inamtoa roho, kila jioni namwita kwa kelele. Kwa hiyo uzi wako umenigusa. Lakini nina mambo mawili na nataka majibu ya kweli, si ya kunifurahisha.

La kwanza ni mavazi. Baba yao hatakubali mtoto avue mtandio kwa sababu ya mchezo, na mie pia sikubali.

La pili, mpira ule ni mgumu. Nimewahi kuushika kwa jirani, ni jiwe lililovishwa ngozi. Ukimpata mtoto usoni?

---

Nage ya Jang'ombe

Dada, maswali yako ndiyo ninayoulizwa na kila mzazi.

La mavazi ndilo jepesi kuliko yote, na ndiyo sababu nimeupenda mchezo huu kwa watoto wetu. Suruali ndefu, shati refu, kofia. Hakuna kaptura. Scotland wana mrushaji anaitwa Abtaha Maqsood, anarusha ile ya kuzungusha kwa kifundo cha mkono, ameichezea timu ya taifa na amecheza ligi kubwa Uingereza, na hijabu yake kichwani. Hakuna refa aliyemsimamisha. Mwoneshe baba yao picha yake, zimejaa mtandaoni.

La mpira, uko sahihi, ni mgumu. Wa wanawake ni mwepesi kidogo kuliko wa wanaume, kati ya gramu 140 na 151, wa wanaume unafika 163. Lakini jiwe dogo bado ni jiwe. Ndiyo maana mtoto haanzi nao. Anaanza na mpira wa tenisi. Ukitaka uwe mzito kidogo unauzungushia tepu ile ya mafundi umeme. Huko Pakistan mitaa mizima inacheza hivyo, watu wamefika timu ya taifa wakitokea kwenye mpira wa tepu. Mgumu unakuja baadaye, na helmeti na pedi, na mtu mzima akiwepo.

---

Mama Wanne

Ahsante. La mavazi limekwisha. La mpira nitakuja kuliona kwa macho.

---

Nyuki wa Konde

Waambaje watu wa Unguja. Kama kawaida mnajadili Jang'ombe na Mnazi Mmoja kama vile Zanzibar inaishia Bububu.

Mie nko Pemba, Konde. Huku nage tunacheza na mpira wa soksi uliojazwa matambara, na wasichana wa huku wanarusha mpaka unaskia mpira unapiga mruzi. Nlicheza mpaka nna miaka kumi na saba na nlikuwa siwezi kukosa. Aliyenisimamisha si mzazi. Kuna uwanja mmoja huku, sitautaja, tulikuwa tukienda wasichana kumi, kumi na mbili, tunaambiwa na mlinzi ondokeni, timu inakuja mazoezi. Timu yenyewe inakuja baada ya saa nzima. Siku moja tukakataa kuondoka, akatufungulia maji. Tukacheka, lakini hatukurudi tena.

Kwa hiyo mwalimu, mkono unapotelea wapi? Unapotelea getini.

---

Nage ya Jang'ombe

@Nyuki wa Konde, maneno haya nayaweka kwenye ukuta wa darasa langu. Na samahani kwa kuisahau Pemba, nastahiki.

---

Mpiga Pasi wa Bweleo

Kwenye uwanja mie nina la kusema. Nakaa Bweleo, karibu na chuo cha Wahindi kile, IIT Madras. Vijana wao ukiwapa nafasi yoyote tambarare wanaweka vijiti na kuanza. Nimejiunga nao mara tatu, nimetolewa kwa mpira wa kwanza mara tatu.

Nilichojifunza: uwanja wa mpira wa miguu hautoshi. Mechi za kimataifa za wanawake kamba inawekwa umbali wa mita 55 hadi 64 kutoka katikati. Yaani unahitaji duara la kama mita 110 kutoka ukingo hadi ukingo. Uwanja wa mpira ni mita 105 kwa 68. Upana unakosa. Kwa hiyo Amaan au Gombani mtasema ni viwanja vikubwa, lakini kwa mechi ya kweli vinabana. Nafasi wazi kama Mnazi Mmoja ndiyo inayofaa, ndiyo maana hao Waingereza wa Babu waliichagua.

Kwa mazoezi ya watoto lakini huhitaji yote hayo. Njia ya katikati ni mita 20 tu na sentimita 12.

---

Simba wa Kikwajuni

Swali la kiufundi sasa, maana nimeanza kunogewa. Hivi wetu wana nafasi gani huko? Nisijipe presha bure.

---

Hesabu za Daladala

Nilikuwa nalingoja swali hili tangu jana.

Kwanza ujue hao tuliopangiwa. Timu tano kati ya hizo, Thailand, Uholanzi, Scotland, Papua New Guinea na Falme za Kiarabu, zina hadhi ya kucheza mechi rasmi za ova 50. Namibia, Uganda na sisi hatuna. Kwa hiyo Waafrika watatu tunaingia kama wadogo.

Scotland walikuwa Kombe la Dunia 2024, nahodha wao Kathryn Bryce amecheza mpaka ligi ya India. Namibia mwaka huu wamepita kwenye mchujo wa Afrika pamoja na Zimbabwe, wanakwenda Nepal kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia la 2026 Uingereza. Sisi na Uganda tumebaki. Kwa hiyo mechi ya Uganda kwangu mie ndiyo fainali. Nyingine ni sadaka.

Thailand ndo wa kuogopwa. Kati ya 2018 na 2019 walishinda mechi 17 za T20 mfululizo. Kombe la Dunia 2020 waliwapiga Pakistan 150 kwa kupoteza wiketi 3, mvua ikaja, mechi ikafa. Watu wakasema bahati. Mwaka 2022 wakakutana nao tena kwenye Kombe la Asia, wakawafunga kweli kweli. Na katikati hapo, mwishoni mwa 2021, walikuwa Harare kwenye mchujo wa Kombe la Dunia la ova 50, wanaongoza kundi lao, mashindano yakavunjwa kwa sababu ya korona. Nafasi zikagawiwa kwa viwango vya zamani, wao wakaachwa nje. Mtu aliyenyimwa vile hasahau.

Na sisi tusijidharau. Mwaka 2019 Tanzania ilibeba kombe la Kwibuka kule Rwanda. Mashindano yale Fatuma Kibasu alipiga 108 bila kutolewa dhidi ya Mali, timu ikafika 285 kwa wiketi 1. Ni watu wachache duniani wana mia kwenye T20 ya kimataifa.

---

Kuli wa Malindi

285? Na Mali wakapata ngapi?

---

Hesabu za Daladala

17.

---

Kuli wa Malindi

Wote kumi na moja?

---

Hesabu za Daladala

Wote. Na hiyo ilikuwa siku nzuri kwao. Walipocheza na Rwanda, Mali walipata 6. Uganda waliwapiga 314, Mali wakajibu 10.

Usiwacheke lakini. Tangu Julai 2018 ICC ilitamka kwamba kila mechi ya T20 kati ya timu za taifa za wanawake ni rasmi, na Mali walikuwa ndiyo kwanza wanajifunza. Walikwenda Kigali wakapigwa mbele ya dunia na yakaandikwa milele. Mie nawaheshimu kuliko walioogopa kwenda.

---

Nage ya Jang'ombe

Hapo kwa Rwanda, ongeza hili. Wale waliokuwa wakicheza na Mali 2019, miaka michache tu baadaye wasichana wao wa chini ya miaka 19 walikwenda Kombe la Dunia Afrika Kusini, Januari 2023, wakawafunga Zimbabwe na West Indies. West Indies! Watu wa visiwa vya Karibea, ambao kriketi kwao ni kama taarabu kwetu. Zile klipu zao wakiimba baada ya mechi nimewaonesha wanafunzi wangu mara kumi. Kigali wana kiwanja kizuri, Gahanga, ndiyo. Lakini kiwanja hakirushi mpira.

---

Fundi Mfenesi

Kuna kisa kimoja nilikiona kwenye simu, mwezi wa tano, Falme za Kiarabu wachezaji wote wamejitoa wenyewe. Nilidhani uongo.

---

Hesabu za Daladala

Si uongo, na kilitokea huko huko Bangkok, kwenye mchujo wa Asia. Walikuwa wanacheza na Qatar. Wapigaji wawili wa mwanzo, Esha Oza 113 na Theertha Satish 74, wamefika 192 bila hata wiketi kuanguka, ova 16. Mvua inakuja. Sasa T20 huruhusiwi kusema "basi, tumetosheka, pigeni nyie". Wafanye nini? Wakajitoa. Wawili wale wakatoka, akaingia wa tatu akageuka, wa nne akageuka, mpaka wa mwisho, wote wamevaa pedi wanakwenda na kurudi kama foleni ya mkate. Qatar wakatolewa kwa 29. Ushindi wa mikimbio 163, na mvua wakaipiga chenga.

---

Kuli wa Malindi

Hii ndo siku nimeupenda mchezo huu. Wallahi. Hawa ni watu wa mjini.

---

Babu wa Mkunazini

Waingereza wasingekubali.

---

Mpiga Pasi wa Bweleo

Waingereza ndo walioandika sheria yenyewe, Babu.

---

Mama Wanne

Saa ngapi wanacheza na tunaona wapi? Huyu binti yangu ameshasoma uzi wote kwenye simu yangu bila ruhusa.

---

Hesabu za Daladala

Bangkok wametutangulia saa nne. Kule ikiwa saa tatu asubuhi huku ni saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo mechi za asubuhi unasali, unaweka chai, unawasha simu. Mashindano ya ngazi hii ICC kwa kawaida huyarusha kwenye ICC.tv. Angalieni bando zenu.

---

Simba wa Kikwajuni

Tumecheka vya kutosha, turudi kwenye pesa, maana mwalimu ameniacha hewani. Helmeti, pedi, glovu, vibao. Seti moja ya kweli si chini ya laki kadhaa. Skuli ipi inazo?

---

Nage ya Jang'ombe

Hakuna, kaka. Na sitakudanganya kwamba zitatoka mahali. Nimeandika barua mbili mwaka huu, moja nimejibiwa "tumeipokea". Ya pili hata hiyo sikupata.

Ndo maana sianzi na seti. Naanza na kurusha, kudaka, na kukimbia kati ya vijiti. Hivyo vitatu havihitaji helmeti. Thailand hawakuwachukua wale wa softiboli kwa sababu walikuwa na pedi. Walichukua mkono. Nikiwa na watoto ishirini wanaojua kuokota mpira na kuangusha kijiti kimoja kutoka mita thelathini, mtu wa Dar mwenye pedi atakuja mwenyewe kuwatazama. Asipokuja, nitawapakia boti niwapeleke.

Mwaka huu huu vijana wa kiume wa Tanzania chini ya miaka 19 wamefuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, la 2026 Zimbabwe na Namibia. Na 2028 kriketi iko Olimpiki Los Angeles, timu sita wanaume, sita wanawake. Sisemi tutakuwepo. Nasema mtoto mwenye miaka kumi na tatu leo atakuwa na kumi na sita.

---

Simba wa Kikwajuni

Haya. Unataka nini kwetu?

---

Nage ya Jang'ombe

Jumapili hii, Mnazi Mmoja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla wenye mpira wao hawajafika. Wasichana kumi na wanne wa darasa la sita na la saba nimeshazungumza na wazazi wao. Nahitaji mipira ya tenisi, tepu, vijiti sita na vibao viwili. Na watu wazima wawili watatu wa kusimama, ili tukifukuzwa tusifukuzwe kimya kimya.

---

Fundi Mfenesi

Vibao niachie. Nipe vipimo.

---

Hesabu za Daladala

Urefu usizidi sentimita 96 na nusu, upana usizidi 10.8. Kwa watoto punguza, fanya kama 75. Vijiti ni vitatu kila upande, urefu sentimita 71, na vyote vitatu kwa pamoja upana wake sentimita 23 hivi.

---

Fundi Mfenesi

Mfenesi utakuwa mzito, mtoto atachoka mabega. Msufi mwepesi lakini utabonyea siku ya kwanza. Nina mbao za msonobari zilizobaki kwenye kabati la mtu. Wao wenyewe wanatumia mti gani?

---

Mpiga Pasi wa Bweleo

Mti unaitwa "willow", haupo huku. Msonobari kwa mpira wa tenisi unatosha kabisa. Mshikio uzungushie mpira wa baiskeli.

---

Kuli wa Malindi

Mie nina mipini ya majembe minne. Ikatwe.

---

Fundi Mfenesi

Mipini minne kwa urefu huo inatoa vijiti sita na vinabaki. Ilete Jumamosi baada ya laasiri. Usilete mikandaa, nitakurudisha nayo.

---

Nyuki wa Konde

Na sie Pemba?

---

Nage ya Jang'ombe

@Nyuki wa Konde, una watoto wangapi wa kuanza nao?

---

Nyuki wa Konde

Sabaa. Wanane na mdogo wangu, ila huyo anarusha kwa mkono wa kushoto.

---

Hesabu za Daladala

Wa kushoto usimwache! Mrushaji wa kushoto ni dhahabu, mpira wake unamjia mpigaji kutoka upande ambao hajauzoea.

---

Nyuki wa Konde

Basi nnaye dhahabu, na jana kanivunjia chungu.

---

Kuli wa Malindi

Vijiti vitakavyobaki naviweka kwenye boti ya Jumatatu, nina mtu. Uje Wete uvichukue bandarini, mwambie nahodha "mzigo wa kriketi". Akikuuliza kriketi ni nini mweleze mpaka mguu.

---

Mama Wanne

Mwalimu, binti anauliza kama Jumapili aje na kofia juu ya mtandio au mtandio juu ya kofia.

---

Nage ya Jang'ombe

Kofia juu. Na raba, si makubadhi.